Karatasi Tatu za Saruji

Karatasi ya mfuko wa saruji ikilowa oili ina harufu yake. Nikiinusa tu, niko Gatsata, mwaka wa tisini na moja, nina miaka kumi na miwili. Shule nilikuwa nimeacha. Sitaki kuhurumiwa, nilifundishwa kwingine. Baba yangu alikuwa fundi magari pale, na siku hizo magari madogo mengi yalibeba injini za ukoo mmoja, silinda nne zote: ya elfu moja, ya elfu na mia moja, ya elfu na mia tatu. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ile ndogo matundu ya silinda ni membamba, hiyo ni rahisi. Zile mbili kubwa zinatoshana, isipokuwa ya mia tatu ina tundu moja la maji zaidi, nyuma kabisa. Gasketi, zile bapa za kuziba kati ya injini na kichwa chake, zilikuja bila boksi, kwa hiyo Baba alilaza karatasi juu ya injini iliyofunguliwa, akapitisha vidole vyenye oili kwenye kila tundu, akakata matundu kufuata alama. Karatasi tatu zilining'inia ukutani, na kuchagua gasketi ilikuwa kazi yangu. Mafundi wenzake walimtania: "Binti huyo mpeleke jikoni!"

Siku moja Mzee Hamadi, muuza vitambaa wa Biryogo, alileta gari lake. Bati la nyuma liliandikwa elfu na mia moja. Nikachagua kwa karatasi ya mia moja, injini yenyewe sikuigusa. Baba akaniamini, akafunga. Mchana mzee akarudi kwa miguu, kofia mkononi. "Fundi, gari iko inapika chai pale mlimani! Nilete majani?" Kumbe injini ilibadilishwa zamani, ilikuwa ya mia tatu, gasketi yangu imeziba tundu la nyuma. Mafundi wakakaa kungoja nifukuzwe.

Baba aliifungua upya, akanifunga macho kwa kitambaa, akaweka kidole changu juu ya chuma. "Umeamini bati. Sasa uliza chuma."

Nilipapasa hadi mwisho. "Ya mia tatu, Baba."

Akang'oa karatasi ya mia tatu ukutani, akanipa. "Lala nayo. Kesho uje mapema."

Mwaka wa tisini na nne, wakati wa mauaji ya kimbari, Baba hakurudi nyumbani. Leo mwanangu anaendesha gari ambalo injini yake imefunikwa plastiki. Fundi anachomeka kompyuta, hata mikono hachafui. Halichemki, nakubali. Juzi mjukuu wangu alitoa karatasi ile sandukuni, akataka kuitupa. Nikamwambia afumbe macho, apapase.

"Bibi, huku nyuma kuna tundu."

"Basi irudishe ulipoitoa."