Aliposoma Meseji kwa Macho Yake

Nimefundisha watu wazima kusoma kwa miaka saba sasa, hapa Mjimwema, katika darasa tunaloazimwa na shule ya msingi watoto wakisharudi makwao. Madawati ni ya watoto, na wanafunzi wangu hukaa kiubavu, magoti nje. Kwa muda mrefu tulitumia kitabu kimoja chenye picha za jembe, kisima na mbuzi. Watu walikuwa wamekariri kurasa zake, mpaka nikawa sijui nani anasoma na nani anaimba tu.

Kisha tukaitwa semina ya siku mbili. Tukaambiwa simu isiwe tena somo la pembeni, iingie ndani ya kila kozi. Wanaofundisha ushonaji wafundishe na kutafuta mitindo kwenye simu, wa kilimo wafundishe kupokea taarifa za mvua na bei, na sisi wa kusoma na kuandika tufundishe kusoma na kuandika meseji. Nilirudi nimefurahi. Niliona ni jambo la maana, na bado naona hivyo. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nimekaa kuandika haya ili kulaumu simu.

Darasani mwangu alikuwamo mama mmoja wa Mfaranyaki, mjane, muuza dagaa wa Nyasa. Kiumri angeweza kuwa dada yangu mkubwa. Kila siku nilimwamkia shikamoo, naye akishaitikia marahaba alikuwa akiniinamia kidogo na kuniita mwalimu, jambo lililonitia haya. Alijiandikisha miezi michache baada ya kumzika mwanawe. Kijana huyo alikuwa amekwenda Tunduru kufanya kazi kwenye shamba la mikorosho la mtu, porini, mbali na mji. Huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Akipiga simu sauti ilikatikakatika, kwa hiyo alizoea kuandika meseji. Mama hakujua kusoma. Binti yake mdogo, aliyeishi naye na kusuka nywele kwenye saluni ya Msamala, ndiye aliyemsomea na kumjibia.

Siku ya kwanza huwa namuuliza kila mtu amefuata nini. Wengi husema wanataka kusoma Biblia, au kuacha kuweka dole gumba kwenye karatasi. Huyu mama alitoa simu kwenye kitenge, kitochi kilichofungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

"Nataka kusoma meseji za mwanangu," alisema. "Zimo humu. Binti yangu ananisomea, lakini anasoma harakaharaka kama mtu anayekimbizwa. Mimi nataka kwenda polepole. Nataka kukaa naye."

Hakuna aliyecheka, ingawa darasa lile lilikuwa na wachekaji. Nilijiambia kwamba kama kuna mtu mmoja ambaye mafunzo yale mapya yalitungwa kwa ajili yake, ni huyu.

Alijifunza kwa bidii ya kutisha. Mikono yake ilikuwa migumu na vitufe vilikuwa vidogo, akibonyeza kimoja vinaitikia viwili. Hakukata tamaa. Mwezi wa tatu wa masomo alikuwa anaunganisha silabi bila kuweka kidole. Basi nikapanga zoezi: kila mtu afungue meseji za mtu anayempenda, achague moja, asimame aisome kwa sauti. Niliandika hivyo ubaoni, "mtu unayempenda", na nikaridhika na wazo langu.

Ilikuwa alasiri ya Julai, upepo wa milima ya Matogoro unapita kwenye dirisha lisilo na kioo, wote tumejifunika. Fundi seremala mmoja alisoma meseji ya kampuni ya simu iliyomwambia amechaguliwa kupata muziki wa bure, akauliza kama huyo ndiye mtu anayempenda, tukacheka. Kisha ikawa zamu ya yule mama.

Nilisogea kwenye dawati lake. Jina la mwanawe alilipata mwenyewe. Simu yake ilipanga meseji za mtu mmoja pamoja, zilizoingia na zilizotoka, ya mwisho ikiwa juu.

"Nianzie wapi, mwalimu?"

"Popote, mama. Hiyo ya juu ndiyo aliyoandika mwisho."

"Basi nianze na hiyo."

Akasimama, akaishika simu mbali kidogo na macho.

"Ma-ma. Ma-ma. Mbo-na. Hu. Hu-ji."

Akarudi mwanzo, kama nilivyowafundisha, ili sasa aisome yote pamoja.

"Mama, mbona huji."

Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, na jicho langu lilikuwa limeshafika mwisho wa meseji. Wanafunzi wenzake nao walikuwa wameelewa. Yeye bado alikuwa anaburuta silabi. Kijana aliandika kwa mkato kama vijana wanavyoandika, na pale penye "cwezi" alikwama, akanigeukia nimsaidie. Ningeweza kusema muda umekwisha. Ningeweza kusema simu inahitaji chaji. Badala yake ualimu ulinitangulia mdomoni.

"Ni 'siwezi'," nikasema. "Wameweka c badala ya si."

"Siwezi. Ku-si-ma-ma. Siwezi kusimama. We-nza-ngu. Wa-na-ni-ge-u-za. Mama, mbona huji. Siwezi kusimama, wenzangu wananigeuza."

Halafu akasema, si kwa yeyote, "Mimi niliambiwa aliugua siku mbili."

Akabonyeza kushuka chini. Kubonyeza nilikuwa nimemfundisha vizuri. Meseji iliyofuata, iliyotangulia hiyo kwa siku, ilikuwa ya kujibu, na hiyo aliisoma kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha akanionyesha.

"Na hii ni ya nani?"

Ilisema: Pole mwanangu. Presha imenipanda na daktari amenikataza safari. Kunywa dawa, Mungu yupo.

"Imetoka kwenye simu yako, mama."

"Mimi sikuandika hii."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye alijua ni mimi?"

Alikaa, akaifunga simu kwenye kitenge, akabaki amekaa hivyo mpaka kipindi kikaisha. Akina mama wawili walimsindikiza nyumbani. Baadaye waliniambia kwamba njia nzima hakutoa chozi, alisema tu maneno machache kwa Kingoni, na maneno yenyewe hawakutaka kunirudia.

Kesho yake asubuhi binti yake alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa uani naanika nguo. Alikuwa msichana mpole, na hata siku hiyo aliniamkia kwanza, kisha ndipo akaniuliza, "Mwalimu, nilikukosea nini?"

Nilimpa kigoda. Hakukaa. Alisema mama yake alikuwa ametoka wodini majuma mawili tu kabla ya meseji ya kwanza kuingia, presha ilikuwa nusura imuue, na daktari alimvuta yeye pembeni akamwambia mgonjwa asishtuliwe na asisafiri. Meseji ya kwanza ilisema homa. Kaka yake aliugua malaria karibu kila mwaka huko shambani na kila mwaka alipona. Akajibu kwa jina la mama, ili kaka asihangaike. Alipanga kusema yote kaka akishapona.

"Zilipozidi?" nikauliza.

"Zilipozidi nikawa nimeshamwambia mama kwamba kaka yuko mzima. Ningeanzaje? Niliwapigia wenzake simu, hawakupatikana. Nilikuwa naomba usiku na mchana, mwalimu. Nikasema kesho atakuwa na nafuu. Kila siku nikasema kesho."

"Kwa nini hukuzifuta?"

Aliniangalia kama niliyemtukana. "Ningefutaje? Ni maneno ya kaka yangu."

Akaondoka bila kuaga. Nilibaki na shuka lenye maji mikononi. Sikuweza kumhukumu, kwa sababu nami niliwahi kuwa msomaji wa barua nyumbani kwetu. Baba alikuwa Tanga kwenye mkonge, na mama alikuwa ananiketisha jikoni nimsomee. Siku moja barua ilisema baba ameoa huko. Nilikuwa darasa la tano. Nikauruka mstari ule, mahali pake nikaweka salamu kwa majirani, na mama akafurahi kwamba baba amewakumbuka majirani. Aliupata ukweli miaka miwili baadaye kutoka kwa watu, sokoni. Hakuniuliza kamwe. Mpaka anafariki sijui kama alijua kwamba nilikuwa nimeusoma mstari ule.

Sikutegemea kumwona tena yule mama, lakini kipindi kilichofuata alikuja kabla ya wote. Macho yalikuwa yamevimba. Aliweka simu juu ya dawati.

"Nimezisoma zote," alisema. "Sasa nifundishe siku. Nimesikia simu inaandika siku."

Nilijua anachokitaka. Nilisimama pale na chaki mkononi nikijiuliza kama ninayo haki ya kumnyima. Watu walishaamua mara ngapi kwa niaba yake ajue nini na asijue nini? Nikavuta kiti. Nikamwonyesha tarehe na saa, tarakimu ndogo chini ya kila meseji, namba ya kwanza siku, ya pili mwezi. Tulianza na ile ya homa. Siku ya kuletewa habari ya msiba aliikumbuka mwenyewe. Alihesabu kwa vidole, vikaisha, akaongeza kimoja.

"Kumi na moja."

"Ndiyo, mama."

"Basi la Tunduru linaondoka alfajiri, mchana umefika." Alisema polepole, kwa sauti ileile ya kusoma silabi. "Siku kumi na moja, mwalimu. Hata kwa miguu ningefika."

Hilo lilikuwa somo lake la mwisho. Wiki hiyohiyo alihamia kwa kaka yake, kijiji kimoja njia ya Peramiho, akamwachia binti nyumba. Jirani mmoja aliniambia kwamba hawakugombana. Mama alifunga tu nguo zake, na binti alipopiga magoti mlangoni, alimzunguka akapita.

Baadaye wakaja wakaguzi kuangalia jinsi masomo ya simu yalivyoingizwa kwenye kozi. Waliuliza kama kuna mwanafunzi aliyefikia hatua ya kusoma meseji bila msaada. Mtu mmoja darasani akasema yupo, alisoma zote zilizokuwa kwenye simu yake, hata tarehe. Wakaandika. Mmoja wao akanipa mkono wa hongera, nami nikaupokea, kwa kuwa sikujua ningeanzia wapi.

Zoezi lile sikulirudia. Siku hizi meseji za kusomwa kwa sauti naziandika mimi, nawatumia, na kama mtu anataka kufungua za kwake, tunakaa wawili kwanza.

Binti nilimkuta saluni Msamala mwaka uliofuata. Alikuwa amekonda. Alisema kila jioni humwandikia mama yake meseji moja, kumweleza siku ilivyokwenda, nani kaja kusuka, maji yametoka au hayakutoka. Hajawahi kujibiwa. Hakuniomba chochote, lakini Jumapili moja baada ya misa nilipanda bodaboda nikaenda.

Yule mama alikuwa anapura maharage. Alifurahi kuniona, au alijitahidi. Tulizungumza habari za mvua na za wanafunzi wenzake. Mwishowe nikamwambia nimeonana na binti.

"Ananiandikia," alisema.

"Unazifungua, mama?"

"Nazifungua zote. Nazisoma mara mbili." Akapeta maharage, akapuliza makapi. "Kujibu bado. Niliondoka hatujafika kwenye kuandika."

"Nimekuja na muda wa kutosha," nikasema. "Naweza kukuonyesha sasa hivi."

Aliendelea kupeta kitambo kirefu.

"Bado, mwalimu."

Alinifungashia kilo kama mbili za maharage, nikakataa, akalazimisha. Alinisindikiza hadi barabarani na kusubiri nami mpaka pikipiki ikapatikana.