Wapulizaji Watano Machinjioni

Nimechuna ng'ombe miaka mingi kuliko nilivyokaa darasani. Darasani nilikaa miwili tu, mwalimu akanivunja kidole kwa fimbo, nikaondoka. Kidole chenyewe hadi leo hakikunjiki vizuri, lakini kisu kinashika.

Machinjio yetu ni ya tajiri mmoja, nje kidogo ya Kibondo. Anayeijua nyama kwenye sahani tu haijui kazi ile. Ng'ombe akinusa damu ya mwenzake anatetemeka, anakojoa, anarusha mateke. Jino langu hili la mbele halikung'olewa na daktari.

Redio niliachiwa na mzungu aliyepanga chumba kwangu, fundi wa mabomba ya maji kambini Nduta. Kazi yake ilipokwisha akaniachia redio ndogo na flashi yake. Ndani hamna kwaya wala taarabu. Ni watu watano wanapuliza, basi, hakuna ngoma wala gitaa. Alisema ni muziki wa zamani wa kwao, wa kupigwa sebuleni. Kuna filimbi, zumari, klarineti, pembe, na bomba moja refu linalokoroma kama mzee aliyeshiba. Mke wangu alisema hao watu wanagombana. Hakukosea sana: mmoja anasema, mwingine anamkata kauli.

Siku moja nikaitundika redio zizini. Ng'ombe wakatega masikio, wakavishwa kamba bila vita. Basi ikawa ndiyo desturi. Mchinjaji wetu, Mwislamu kutoka Kasulu ambaye wote tulimwita shehe, akaniuliza, "Mzee, unawapeleka harusini?"

"Harusini, shehe. Na bwana harusi ni wewe."

"Sawa, lakini nikifika kwenye bismillahi unazima."

Na kweli nilikuwa nazima.

Asubuhi moja mvua ilinyesha, na paa la zizi linavuja. Nikaitundika redio ndani, kwenye ukuta wa chumba cha kuchinjia. Shehe alikuwa amesimama mbele ya ukuta huo huo, ananoa kisu. Hapo ndipo nilipokosea.

Dume aliyekuwa zizini alitoka vilima vya Buhigwe. Mimi ni Muha, nimechunga, nilipaswa kujua. Huko bado wapo wachungaji wanaopuliza filimbi ya mwanzi wakipeleka ng'ombe majini. Ng'ombe aliyekulia filimbi akiisikia haulizi, anakuja.

Ikafika sehemu ambayo filimbi inabaki peke yake. Dume akanyanyua kichwa, akavunja mti wa lango kwa kifua, akaja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaitwa, na shehe yuko njiani, kati yake na redio. Pembe ikamwinua, ikambana ukutani. Nikasikia mbavu zikikatika kama kuni kavu. Mchunaji mwenzangu akampiga dume mgongoni kwa kisogo cha shoka, na sasa hasira ikaja kweli. Akasukuma, akasukuma tena. Damu ikamtoka shehe puani.

"Zima redio!" mwenzangu akapiga kelele.

Nikanyoosha mkono nizime, nikaona sikio. Kichwa kinamponda mtu, lakini sikio moja limegeukia filimbi. Nikawaza, nikizima, atakachobaki nacho ni shehe tu. Nikaitungua redio, nikaurudisha wimbo hadi pale filimbi inapobaki peke yake, nikatoka nayo mvuani nimeipa pembe mgongo. Miguu ilitaka kukimbia, nikaikatalia. Nikasikia kwato nyuma yangu, kisha pumzi ya moto kwenye shati. Nikamtembeza hadi kwenye nguzo ya kufungia ng'ombe, mwenzangu akamtupia kamba kwenye pembe, akaizungusha nguzoni mara tatu.

Kupitia mlangoni nikamwona shehe chini, anatema damu. "Zima basi," akasema.

"Hajafungwa miguu, shehe."

"Basi usizime."

Gari la tajiri likampeleka hospitali. Tukamtuma mtu akamlete mchinjaji mwingine mjini, na muda wote huo nilisimama mvuani narudia wimbo ule ule, dume analamba mkono wangu ulioshika redio. Mchinjaji alipofika akapiga bismillahi. Nikazima. Dume alinitazama mimi, hakutazama kisu. Ngozi yake nilimwachia mwenzangu achune.

Shehe alilala hospitali wiki nyingi. Nilipomtembelea alikuwa amefungwa kifua kizima.

"Mzee, ulimdanganya mnyama yule."

"Nilimdanganya. Kwa ajili yako."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakulaumu taratibu. Na mbavu zinauma."