Ngoma Ambayo Mbuzi Walilambia Chumvi

Wacha nianze na ndugu yangu, juu bila yeye hizo ngoma ningezipita tu kama kila mtu alivyozipita.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa mpiga drami wa bendi moja pale Nyeri mjini. Wakati huo uhuru ulikuwa bado mtoto wa kwenda shule, na kila baa yenye stima ilitaka bendi. Siku moja mwenye vyombo akaamka, akabeba magitaa, spika, drami, kila kitu, akahamia Nairobi na mpiga drami mwingine. Ndugu yangu akarudi nyumbani Tetu kuchuna majani chai.

Sasa sikia. Huyu alikuwa mtu hawezi kukaa karibu na kitu bila kukigonga. Kikombe, meza, mlango wa choo. Hata ng'ombe alimkamua kwa mdundo, mkono huu, mkono ule, maziwa yakilia kwa ndoo mpaka wewe uliye bado kitandani unapata mguu wako unacheza peke yake. Aliporudi kutoka mjini, alikamua kama mtu yeyote tu. Cucu, yaani nyanya yetu, ndiye aliona kwanza.

"Huyu mtoto amekufa vidole," akaniambia.

Nikatoka nje nikapiga debe teke likaenda mpaka kwa migomba. Ndivyo niko. Mtu akimgusa ndugu yangu, hata kwa maneno ya kweli, damu inanipanda.

Halafu wakaja vijana wawili wa magitaa, wameanzisha bendi yao. Walikuwa wameitwa kupiga harusi Kianyaga mwezi wa saba. "Tunakutaka," wakamwambia ndugu yangu, "lakini kuja na drami yako. Sisi hatuna. Ukikosa, kuna mwingine Karatina ako nayo."

"Chukueni huyo wa Karatina," akasema, akabeba kikapu chake akaenda kwa chai.

Nikamwangalia mgongo akishuka kwa mistari ya chai, nikajua hivi: hii harusi ikimpita, huyu hatashika fimbo za drami tena maisha yake.

Mimi nilikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa lori ya kubeba chakula cha ng'ombe, na lori ilikuwa inafika Nanyuki. Huko kulikuwa na mzee Mwislamu, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye tulimletea pumba. Siku hiyo nimeweka gunia chini, nainua macho, naona mbuzi wamezunguka kitu ya mviringo wanalamba chumvi. Kimekaa kwa ubao, kina mavi pande zote, lakini kwa ukingo kuna boliti zimepangwa sawasawa kama vifungo vya koti.

"Mzee! Hiyo ni drami!"

"Hiyo ni sahani ya chumvi," akasema.

"Ni drami, ile kubwa ya kupigwa na mguu! Unalishia mbuzi kwa drami? Huoni haya?"

"Mbuzi hawajalalamika, kijana. Ni wewe peke yako unalia."

Wapakuaji wakacheka. Nikapanda moto, nikasema yote, mpaka ya wazungu na ya serikali, mambo ambayo hayakuhusu mbuzi. Yule mzee akangoja tu, anasugua meno na mswaki wake wa mti. Nilipokwisha pumzi akaniuliza, "Umemaliza? Nikikupa hiyo, mbuzi zangu zitalambia chumvi wapi? Kichwani kwako?"

"Nitakutengenezea hori. Ya mbao. Nzuri."

"Kuja na hori, ondoka na takataka."

Safari iliyofuata nikampelekea hori ya mbao za msaipresi, niliigonga mwenyewe. Akaipitisha mkono ndani yote akitafuta mahali pa kumchoma mbuzi ulimi, hakupata. Akaita mtu wake, wakaleta na zingine: mbili ndogo ambazo kuku walikuwa wanatagia, na sahani moja ya shaba, ile ya kugongwa na fimbo, iliyokuwa inafunika pipa la maji. Hoteli moja ya karibu ilipata wenyewe wapya, akaniambia, nao wakatupa kila kitu cha zamani. Ngozi za hizo drami zote zilikuwa za plastiki, na zote zilikuwa zimepasuka.

"Na utazivalisha nini?" akauliza. Kabla sijajibu akanirushia ngozi za mbuzi, mbichi, bado na joto.

Nyumbani nikaziweka nyuma ya jikoni na ndoo ya maji na sabuni ya kipande. Nikaanza na ile kubwa. Mavi yakatoka, chumvi ikatoka, na chini yake kitambaa changu kikafungua rangi. Sijui niseme aje. Umeona samaki wa trauti akitolewa kwa ule mto wetu baridi, vile ubavu wake unawaka kidogo ukimgeuza kwa jua? Ndivyo hivyo, lakini buluu, na inazunguka ngoma nzima. Nikaacha kuosha, nikakaa chini kwa matope. Kwa kibati kidogo pembeni kulikuwa kumeandikwa kwamba imetengenezwa Japani. Nikachungulia ndani: mbao zake ni nyembamba kama karatasi, moja juu ya nyingine, zimekunjwa duara, na mahali zimekutana huwezi kuingiza ukucha. Mbuzi wameilamba, mvua ya Nanyuki imeipiga, na haijaachana hata kidogo. Mtu fulani huko mbali, hajawahi kusikia neno Tetu, aliikunja hii kitu na mikono yake, akahakikisha.

Mimi sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwa kufungua redio ya baba na kupigwa, kisha kuirudisha ikiongea. Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu, nikazilaza kwa mafuta ya taa. Zingine zilikosa kabisa. Nikajaribu za baiskeli zetu za Kiingereza, zikakataa. Nikatukana baiskeli. Halafu nikaenda kwa fundi wa pikipiki, nikaokota boliti ya pikipiki ya Kijapani kwa sanduku lake la vyuma vikuukuu, nikaizungusha na vidole viwili tu. Ikaingia mpaka mwisho, polepole, kama mtu amerudi kwao. Nywele zikanisimama.

Sasa ngozi. Ngozi nikampa cucu, juu katika boma letu nani mwingine anajua ngozi? Alizitengeneza tangu akiwa msichana. Akachukua moja, akaikwangua, akaipaka mafuta ya mbarika, akaisugua kwa mikono akiimba, akaipaka tena, akaisugua tena, mpaka ikawa laini unaweza kuivalisha mtoto mchanga. Nilijivunia sana. Nikaivuta juu ya ngoma kubwa, nikakaza boliti zote, nikamwita ndugu yangu. Akasimama mbali, mikono mfukoni.

Nikapiga.

Puf.

Nikakaza zaidi. Puf. Kama unapiga blanketi lenye mtu ndani.

Ndugu yangu hakucheka. Afadhali angecheka. Aligeuka tu akaenda kuwapa ng'ombe majani. Mimi nikarusha spana juu ya paa la jikoni.

"Cucu! Hii ngozi imekuwa bubu!"

"Kwani ulitaka ipige kelele?" Cucu alikuwa amekasirika kunishinda. "Uliniambia ngozi nzuri. Hiyo ni nguo nzuri, hata mama yangu hakuvaa kama hiyo! Sisi tulicheza na njuga za miguu na koo zetu. Ngozi ilikuwa ya kuvaa. Panda ulete spana, na ukitoboa paa langu utaniona."

Alikuwa anasema kweli. Nyumba nzima tulijua ngozi ya kuvaa, na hakuna hata mmoja alijua ngozi ya kulia.

Jumapili nikiwa bado na hasira zangu, nikasikia Wakorino, wale wa vilemba vyeupe, wakianza ibada ng'ambo ya bonde. Ngoma yao ilifika kwetu ikiwa nzima, kila pigo. Nikateremka mbio. Nikamkuta mpigaji wao nje, ameshikilia ngoma karibu na moto, anaigeuza kama mtu anachoma mahindi, anaigonga na kidole, anasikiliza.

"Mnapaka mafuta gani?" nikamuuliza.

Akanitazama kama nimemuuliza wanapaka ukuta mafuta gani. "Mafuta? Ngozi inyoe, ivute ikiwa mbichi, iache ikauke ikiwa imekasirika. Na baridi ikishuka, ioteshe moto."

Ikauke ikiwa imekasirika. Hiyo hata mimi naelewa.

Ngozi zilizobaki cucu alikuwa amezikausha bila mafuta. Nikaziloweka, nikazinyoa kwa wembe, nikazivuta zikiwa na maji na kuziacha kwa jua. Zilikauka zikawa ngumu, unaona mwanga ukipita. Nikagonga ile kubwa na ngumi, mara moja. Kuku walikimbia. Ng'ombe aliinua kichwa. Na mimi nilisikia kwa tumbo kwanza, masikio yakafuata. Hii kitu ilikaa na chumvi miaka yote hiyo, na hii sauti ilikuwa ndani.

Ndugu yangu alitokea kwa kona ya nyumba na kikapu bado mgongoni. Akaweka kiganja juu ya ngozi ikiwa bado inatetemeka, akakiacha hapo. Kisha akasema, "Tutabeba na nini mpaka Kianyaga?"

Tulibeba na ile lori ya kazi yangu, tukafika asubuhi ya harusi. Lakini mwezi wa saba mnaujua kwetu. Ukungu umelala kwa chai, manyunyu hayaishi. Tulipozishusha, zilikuwa zimelegea zote. Ndugu yangu akagonga, akaniangalia, nikaona uso wa ile siku ya puf ukirudi.

"Yule wa Karatina plastiki yake hailegei," kijana mmoja wa gitaa akasema.

"Wewe nyamaza kabla sijakukaza boliti!" Nikakimbia jikoni, nikanyakua jiko la makaa chini ya sufuria ya wamama.

"Rudisha! Hiyo ni ya chai ya wakwe!"

"Chai itangoja, mama, nisamehe!"

"Ati drami inapikwa," wakacheka wageni. "Ikiiva mtuite!"

Wacheke. Niliigeuza kwa moto kama yule Mkorino, na ndugu yangu kidole juu ya ngozi, sikio chini. Sauti ikapanda. Ikapanda tena. Akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Kile alichopiga siwezi kuwaandikia. Najua tu kwamba wale wamama walitoka jikoni na miiko mkononi, na hakuna mtu aliuliza jiko lake. Nilisimama nyuma na makaa, nikizipasha moja moja kati ya nyimbo, na kila mara ile buluu ikishika mwanga nilisahau kupuliza.

Tukirudi, kijana wa gitaa alimwambia atakuja kumchukua Jumamosi. Ndugu yangu alijibu sawa, neno moja tu, na mimi sikuamini neno moja.

Asubuhi nilikuwa bado kitandani wakati ng'ombe alianza kukamuliwa. Mkono huu, mkono ule. Huko jikoni cucu alikuwa ameacha kuvunja kuni ili asikie vizuri.