Matuta Yaliyofuata Mteremko

Enzi zetu kule Iramba, mtoto aliujua udongo kabla ya kuijua a e i o u. Hakuna aliyetufundisha, tulifinyanga ng'ombe. Ukichukua udongo wa juu, karibu na mawe ya nyumbani kwetu, ng'ombe wako alikatika pembe kabla hajakauka. Kule ni kichanga, na punje za mchanga ni kama ndugu wa siku hizi: zinakaa pamoja lakini hazishikani. Ukishuka bondeni, mbugani kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ulipata fahali wa nundu na pembe ndefu. Mwenye ng'ombe wa kichanga tulimwita fukara, naye alilia kweli.

Kila udongo ulikuwa na wenyeji wake. Kichangani tulivuna uwele na karanga. Mbugani ulistawi mtama, na kiangazi ardhi ilipasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Mvua za kwanza zikinyesha, vyura walitoka humo wakapiga kelele hadi mwalimu akaacha kufundisha. Shuleni mchelewaji aliadhibiwa kwa kubeba mawe na kuyapanga kukingama mteremko wa uwanja. Kwa jinsi tulivyochelewa, uwanja ule haukupoteza hata kiganja cha udongo.

Mlenda tuliuchuma kwenye ukanda wa majani uliokatiza shamba letu la mteremkoni, chini kidogo ya nyumba. Tulichuma kwa adabu. Ukiyang'oa na mizizi, Mama alikuwa na fimbo na maneno: "Ng'oa tu. Mwakani utalima mawe."

Vijana wa leo wanajua mengi zaidi. Yona, mtoto wa marehemu kaka yangu, anayeishi na Mama pale nyumbani, alikodi trekta apande alizeti. Dereva wa trekta hapendi kukata kona, kwa hiyo matuta yakatoka juu moja kwa moja hadi chini. Ukanda wa majani ulichomwa na mawe yaliyopangwa kukinga maji yakasukumwa pembeni, shamba lipendeze. Kisha Yona akalipiga picha akaituma kwenye kundi la ukoo, na wanaukoo waliokimbilia mijini wakaisifu mistari ilivyonyooka.

"Shikamoo, bibi. Umeona kilimo cha kisasa?"

"Marahaba, mume wangu," Mama akamtania mjukuu wake. "Nimeona. Umeyachongea maji barabara."

"Bibi nawe! Matuta ya kukingama yanapoteza muda."

"Haya. Maji nayo hayatapoteza."

Hayakupoteza. Kichanga hunywa maji upesi, lakini mvua ikizidi kiu yake, na hakuna jani wala jiwe la kuyapunguzia mwendo, punje huondoka na maji. Masika hayakuwa yamefika katikati, tayari korongo lilikuwa limefunguka katikati ya alizeti. Korongo hulima kwa kupanda: kila mvua kichwa chake kilimega ardhi kuelekea juu, kwenye nyumba ya Mama. Mchanga uliosombwa ulienda kulala mbugani, ukaufunika mfinyanzi na mtama wa watu. Vyura sikuwasikia.

Yona alijaza korongo matairi mabovu na mabua. Mvua iliyofuata iliyashusha yote. Jirani wa chini alilirudisha tairi moja mwenyewe, akasalimia kwa heshima zote, akauliza kama tuna mzigo mwingine wa kumtumia.

Siku ukuta wa jiko ulipopasuka, tulikaa kikao na kuamua Mama ahamie kwangu mjini, Utemini. Alifunga vitenge vyake. Yona akamfuata hadi kwenye gari.

"Bibi, tukiyapanga tena yale mawe?"

"Yapange, mume wangu. Jiwe halisusi. Aliyesusa ni udongo."

Ua wangu umepigwa saruji lote, na watoto wangu wakikanyaga tope wanapiga kelele kama wamekanyaga nyoka. Zamani mvua ikinyesha, Mama alisimama nje bila kujifunika, akicheka, akihesabu atapanda nini wapi. Sasa huvuta kigoda hadi mlangoni, huyatazama maji mekundu kwa udongo yanayopita kwa kasi mtaroni, halafu huniuliza, kama anayeulizia msiba:

"Hili nalo ni shamba la nani?"