Heri ya Mpiga Fidla

Mpiga fidla wa ghorofa ya tatu hakati hata mkate. Kisu hakikaribii vidole vyake. Ushirikina anaucheka, ila nguo ya kijani, rangi ya nuksi jukwaani, havai ng'o. Baada ya miaka kumi na saba safu ya nyuma, siku ya kushindania kiti cha kwanza cha okestra, Madame Perrachon, aliyehamia juzi, akamwita ngazini: "Bahati njema, binti!"

Binti akageuka kurudi juu. "Basi tena, siendi."

Wasanii wetu wa Lyon, kabla ya kupanda jukwaani, hutakiana mavi tu, ndiyo heri yao. Kutakiwa bahati njema kwao ni nuksi. Mimi bawabu, bingwa wa mila hizo, nikanguruma: "Mavi, mwanangu! Mavi tele!"

"Mzee Fayolle, kinywa gani hicho!" akafoka Madame.

Binti akashuka mbio. Kiti akakipata. Wanasifu kipaji chake. Mimi hakuna aliyenitaja.