Nyumba Yetu Kati ya Mtoto na Mtoto

Enzi zetu pale Nyasura, rede ilitaka watu watatu: wawili wa kurusha mpira wa soksi na mmoja wa kukwepa katikati. Mimi, Wambura, na mdogo wangu Bhoke tulizaliwa wawili tu, lakini nyumba yetu ilikuwa ya malezi. Watoto waliokosa pa kukaa waliletwa na afisa ustawi wa jamii, wakaishi nasi mpaka ndugu zao wapatikane. Kwa hiyo katikati hapakukosa mtu.

Wegesa alikaa kwetu muda mrefu kuliko wote. Bibi yake alipopatikana Butiama, tulifurahi mbele yake kama Mama alivyotuagiza, kisha tukaingia ndani tukalia, kila mtu na kona yake.

Nyumba ikanyamaza. Mama akaendelea kusonga ugali wa watu watano, ukabaki, asubuhi tukaula na chai. Michembe, vile viazi vikavu alivyovipenda Wegesa, haikupikwa tena. Jioni Mama aliuliza bila kumtazama mtu:

"Huko wanamwachiaga taa? Yule anaogopaga giza."

"Mama Wambura, yuko kwa bibi yake," Baba akajibu.

"Najua yuko kwa bibi yake. Nimeuliza taa."

Kisha akatangaza kwamba hapokei mtoto tena. Amechoka kulia.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuwaza, na nikawaza vibaya. Niliona watoto wa nyumba ile wanaondoka kwa zamu. Wegesa ameshaondoka, basi zamu ni yangu, maana ndimi mkubwa. Sikumuuliza mtu. Sijabadilika sana: hata leo nikiitwa kwenye usaili, nawaza wamekosea namba.

Pikipiki ya afisa iliposimama uani, nilikimbilia chumba cha pamba. Msimu ule ilijaa hadi dirishani. Nikajizika ndani yake, kwenye joto na harufu ya vumbi la shamba, nikamsikia Mama mlangoni.

"Dada, nilishakwambia hapana."

"Ni huyu mmoja tu, Mama Wambura. Tangu jana hajasema neno."

Pamba ikaniingia puani, nikapiga chafya iliyotikisa bati.

"Nani huko?"

Nikatoka mweupe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, nalia, "Mama, usinipeleke!"

Kabinti kalikosimama nyuma ya afisa kakanitazama. "Kondoo!" kakasema, kakacheka mpaka kakakaa chini. Bhoke akacheka. Mama naye akacheka, kicheko ambacho hatukukisikia tangu Wegesa aondoke. Akanikung'uta pamba kwa makofi mepesi.

"Mjinga wewe! Wewe si nimekuzaa mimi? Nani akupeleke wapi?" Akamgeukia afisa. "Begi lake liko wapi? Liingize ndani."

Siku hizi watoto wa mtaani kwetu kila mmoja anacheza na simu yake. Mtu wa tatu wa nini? Nasi wenye digrii tungeombwa kupokea mtoto, tungeunda kwanza kundi la kujadili, tungejadili mpaka mtoto aote ndevu. Mama aliogopa kama ninavyoogopa mimi, akafungua mlango hivyo hivyo. Wengi wamepita tangu siku ile, na kila anapoondoka mmoja, Mama hulia na kuapa kwamba sasa basi.

Wiki iliyopita alilia. Jana afisa alipiga simu, na salamu hazijaisha nikamsikia Mama:

"Wangapi? Wawili, ndugu? Msiwatenganishe. Waleteni wote."