Orodha Niliyoiandika Hillbrow

Ngazi za jengo letu pale Hillbrow zilinuka mafuta ya taa, kabichi iliyochemshwa na dawa ya kulainishia nywele. Dawa ilitoka chumbani kwetu, ghorofa ya sita, ambako mama yangu, msusi kutoka Bukavu, aliwahudumia wateja kando ya kitanda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili majira yale ya baridi ya mwaka 2016, mwenye jengo alipokwenda mahakamani kutaka tutolewe wote. Hatukuwa na pa kwenda.

Wapangaji wakakutana ngazini kuchagua kamati. Kura ilipigwa kwa kusimama nyuma ya unayemtaka, na foleni ya Mzee Shomari, fundi cherehani kutoka Tanga, ilishuka mpaka ghorofa ya tatu. "Wengine mmesimama hapo kwa sababu mmechoka kupanda!" mtu akapiga kelele, tukacheka. Mama alisimama katika foleni ile na kitenge chake kipya. Hakuwahi kumchagua mtu yeyote maishani, na siku nzima alitembea kama aliyetoka kanisani.

Wakili aliyetusaidia bure alisema mahakama itataka majina ya kila anayeishi humo. Mwandiko wangu ulikuwa unasomeka kuliko wa watu wazima wengi, basi Mzee Shomari akanipa kalamu, nikapita mlango kwa mlango. Niliifurahia kazi ile. Nilijua nani ana pacha, nani anafuga kuku bafuni. Nilipofika kwetu, mama akanishika mkono.

"Jina yetu usiandike. Unasikia?"

"Lakini mama, ni ya hakimu."

"Kule kwetu pia walipitaka na liste. Baba yako alikuwa wa tatu."

Mzee Shomari akapanda mwenyewe kumsihi. "Mama Neema, dada yangu, hapa sheria ni karatasi. Bila karatasi hakimu hakuoni."

"Asinione, papa Shomari. Asinione kabisa."

Nilikuwa na kalamu mkononi, na chini ya ukurasa palibaki mstari mmoja mtupu. Nikaipeleka orodha hivyo hivyo.

Baada ya miezi kadhaa hakimu akaamua kwamba waliomo katika orodha wasiguswe mpaka wapewe makazi mengine. Watu waliimba barabarani, na mama aliimba nao. Wiki chache baadaye sisi tukatolewa, asubuhi yenye jua, kwa amri halali yenye muhuri. Afisa aliipitia orodha mara mbili, bila haraka, akitutafuta kwa kidole. Niliutambua mwandiko wangu. Mama alijitwika kiti cha wateja, mimi nikaburuta godoro. Mzee Shomari alisimama mlangoni na futi yake shingoni.

Tulihamahama, na shule niliiacha mwaka ule ule. Tangu hapo nimelala katika miji mingi ya nchi hii, na siku nisizokuwa na kibarua huingia mahakamani, nikakaa benchi la nyuma kusikiliza kesi za watu nisiowajua. Mama sasa anasuka nywele Soweto, nyuma ya spaza, kiduka cha Msomali mmoja. Majuzi aliniuliza, macho yakiwa kwenye kichwa cha mteja:

"Kama ungeandika jina yetu kwa siri, ningejua?"

"Usingejua, mama."

Akachambua nywele nyingine, akaendelea kusuka.